Visima vya Isaka na Bonde la Makutupora

Wafilisti walipomwonea Isaka wivu, walifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za Abrahamu baba yake. Sisi wa Dodoma tunaposoma habari hiyo katika Mwanzo 26 hatuhitaji maelezo mengi, kwa maana huku kwetu udongo ni adui wa zamani wa maji.

Wagogo walilijua hilo kabla reli haijafika. Wakati wa kiangazi walichimba mchanga wa mito iliyokauka na kuteka maji yaliyojificha chini yake. Serikali ya kikoloni ilileta njia nyingine: mabwawa. Imagi na Msalato yalijengwa karibu na mji. Ikowa na Hombolo yakajengwa mwaka 1957. Mwaka 1972 Anders Rapp wa Uswidi na wenzake walichapisha matokeo ya kuyapima mabwawa manne ya hapa, yakiwemo Imagi, Msalato na Ikowa, wakaonyesha jinsi yanavyojaa tope kwa kasi. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na nyingi hushuka kwa vishindo vichache. Ikikuta ardhi imelishwa na kulimwa hadi ikabaki uchi, hainywewi na ardhi, hukimbia nayo.

Mwaka 1973 mambo mawili yalianza pamoja. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanzishwa. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi zilirudi, makorongo yakaanza kupona. Lakini tusilisimulie jambo hili kama ushindi mtupu. Kwa mfugaji ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni jina la ukoo, naye aliamriwa kuyaondoa hayo yote ili bonde lipone. Gharama hiyo hatukuilipa sote kwa usawa.

Sasa mji wenyewe unakunywa hasa kutoka visima virefu vya Makutupora, kaskazini, katika bonde la Kinyasungwe Ndogo, kijito cha msimu kinachoendelea hadi bwawa la Hombolo na ambacho maji yake ni ya bonde la Wami. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya visima hivyo. Walikuta kwamba hifadhi hiyo haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kisha watu huteka kwa miaka. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo huingia zaidi kupitia mchanga wa mito ya msimu. Mababu waliochimba mchangani hawakukosea mahali.

Basi mafuriko ambayo sisi tunayaombea yapite upesi ndiyo kinywaji cha watoto wetu, na yanaingia ardhini pamoja na chochote yalichokizoa njiani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Mabati, lami na saruji vimezidi, na nyumba zinazidi kulisogelea bonde. Mvua ya kwanza huzoa mafuta ya magari, samadi, mifuko ya plastiki na maji ya vyoo vilivyofurika, ikapeleka vyote korongoni. Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Huwa tunaihubiri sura ile kama habari ya viongozi wabaya tu. Aya hizo zinawataja kondoo.

Usharika wetu nao ulitandika matofali ya saruji ua mzima, ukapendeza kwa harusi. Mvua ilipokuja, maji ya paa na ya ua yalitoka langoni kama mto, yakachimba njia ya jirani wa chini, mama mjane. Alikuja kwenye baraza la wazee na jembe lake mkononi, wala hakupandisha sauti. Tumeng'oa matofali ya upande wa kaskazini, tumefunga mifereji ya paa kwenye tangi, na tangi likijaa maji huingia katika shimo tulilolijaza mawe. Njia yake bado haijatengemaa. Wazee wamepanga kuikarabati kabla ya Desemba.