Makala Iliyobidi Itembezwe

Msomaji wangu, ukitoka Meru mjini ukashuka kuelekea Tharaka, utaiacha baridi ya Mlima Kenya nyuma yako, nawe utaingia katika nchi ya joto, ya mbu na ya malaria. Jambo hilo kila mtoto wa Meru alijua kabla hajaanza shule. Lakini tofauti hiyo ya nyanda za juu na za chini ndiyo iliyofungua fumbo kubwa la utabibu, katika habari hii ya daktari mmoja na makala yake.

Daktari huyo ni Denis Burkitt, aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, na ambaye alipoteza jicho moja angali mtoto. Mwaka 1946 alikuja Uganda, akawa mpasuaji, na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, Burkitt aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kufunua daftari za wagonjwa, na mwaka 1958 akatoa makala katika jarida la wapasuaji wa Uingereza, British Journal of Surgery, akieleza habari za watoto 38.

Je, ulimwengu ulishtuka? Haukushtuka. Jarida lile lilisomwa na wapasuaji, na wachunguzi wa saratani wengi hawakuiona makala hiyo. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa chema hakikujiuza hata kidogo. Ilibidi mwenyewe akitembeze.

Basi Burkitt alipeleka karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza kama ugonjwa ule ulionekana huko. Mwezi wa Machi 1961 alitoa hotuba London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mchunguzi mmoja, Anthony Epstein, aliyeshikwa na habari ile asiiache tena. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Burkitt na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri yapata maili 10,000, kwa muda wa wiki kumi, wakiingia hospitali baada ya hospitali.

Waligundua nini? Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haba sana panapozidi futi 5,000 juu ya bahari, na Meru mjini pako karibu na kimo hicho. Kusini zaidi, mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, akatambua kwamba kimo chenyewe hakikuwa sababu, ila joto lililofuatana nacho. Mahali pa joto na mvua ndipo penye mbu. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kwamba wameona virusi katika chembe za uvimbe huo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba virusi hivyo vimo katika watu wengi duniani pasipo kuwaletea saratani, na kwamba malaria ya mara kwa mara huisaidia saratani hiyo kuwapata watoto. Tena dawa zilijaribiwa, na watoto ambao kisu kisingaliweza kuwaokoa, baadhi yao walipona.

Katika mwaka huo huo wa 1964, Mmarekani Eugene Garfield alianza kutoa fahirisi ya kuonyesha makala gani imetajwa na makala gani nyingine. Tangu hapo wataalamu hupimwa kwa hesabu hiyo, na makala ya Burkitt, iliyopita kimya mwanzoni, imetajwa na waandishi wengi mno. Njia inayokanyagwa na wengi haikosi kuwa imefika mahali.

Lakini hesabu hiyo haikamiliki. Daktari Albert Cook, aliyefika Uganda mwaka 1897 akaanzisha hospitali ya Mengo, aliandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wake, nao walikuwamo watoto wenye uvimbe wa mataya. Daftari zake zilikaa rafuni miaka mingi, wala hakuna aliyezitaja. Zilipochunguzwa hatimaye, zilithibitisha kwamba ugonjwa huo haukuwa mgeni. Vile vile, ni fahirisi gani imewahesabu wauguzi waliojibu zile karatasi, au akina mama waliowabeba watoto wao mgongoni hadi hospitali?

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia mtaalamu ametajwa mara elfu, mpe heshima yake, kisha uulize ni nani aliyepona kwa kazi ile, na ni nani aliyeifanya bila kutajwa. Na wewe utakapoona jambo kijijini kwako, liandike na tarehe yake, kisha ulipeleke kwa anayeweza kulitumia. Cook aliandika, Burkitt aliandika, akatembea.