Kicheko au Machozi: Ubishi wa Nusu Karne Kwenye Tuzo za Emmy

Tarehe 15 Septemba 2024, jijini Los Angeles, The Bear ilikamilisha hesabu ambayo hakuna komedi iliyowahi kuifikia: tuzo 11 za Emmy ndani ya mwaka mmoja. Ilikuwa imeteuliwa mara 23, ikaipita 30 Rock iliyoshikilia rekodi ya uteuzi 22 tangu mwaka 2009. Kilichowashangaza wengi ni kwamba rekodi hizo ziliandikwa kwenye daftari la komedi. The Bear ni hadithi ya mpishi hodari anayerudi Chicago kusimamia mkahawa alioachiwa na kaka yake aliyejiua. Jikoni kuna madeni, kelele na visu, na nyumbani kuna mama aliyezidiwa na pombe. Sehemu iliyosifiwa kuliko zote, ile ya chakula cha Krismasi, inachukua zaidi ya saa moja, na inaishia pale mama huyo anapoliingiza gari ndani ya nyumba yake mwenyewe kupitia ukutani. Jamie Lee Curtis, aliyemwigiza, alipata tuzo ya mwigizaji mgeni bora wa kike katika komedi.

Ubishi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba washereheshaji wa usiku ule, Eugene Levy na mwanawe Dan, waliufanyia utani mwanzoni kabisa mwa hafla. Lawama nyingi zilimwangukia mtunzi wa kipindi, Christopher Storer, pamoja na kampuni ya FX, kwamba wamejificha kwenye komedi ili wasipambane na tamthilia nzito. Mimi naona lawama hizo zimekosea mlango. Mstari unaotenganisha komedi na tamthilia haukuwekwa na Storer. Uliwekwa, ukafutwa na kuwekwa upya na Akademi ya Televisheni yenyewe, inayotoa tuzo hizi, na ilipotaka kuuweka kwa uhakika, ilipima kwa saa ya ukutani.

Mwanzoni mstari wenyewe haukuwepo. Hafla ya kwanza ilifanyika tarehe 25 Januari 1949 katika ukumbi wa Hollywood Athletic Club, zikatolewa tuzo sita tu, tena kwa vipindi vya Los Angeles pekee. Aliyetajwa kuwa mtangazaji bora alikuwa binti mmoja, Shirley Dinsdale, aliyejipatia jina kwa kumsemesha mwanasesere. Televisheni ilipoenea nchi nzima ndipo mafungu yalipoanza kuongezeka, na I Love Lucy ikachukua tuzo ya komedi mwaka 1953 na tena 1954. Majina ya mafungu yalibadilika karibu kila mwaka. Mwaka 1965 Akademi ilifika mbali zaidi: vipindi vya burudani vya kila namna viliwekwa kapu moja na kuruhusiwa kuwa na washindi zaidi ya mmoja. Matokeo yake The Dick Van Dyke Show, komedi ya nusu saa, ilishinda bega kwa bega na onyesho la nyimbo la Barbra Streisand na kipindi cha Leonard Bernstein akiwafundisha watoto muziki wa okestra. Nia ilikuwa kusifu ubora popote ulipo. Lakini ubora wa mtu anayekuchekesha na ubora wa mtu anayekufundisha sonata havina mizani moja, na mwaka uliofuata mafungu yalirudi.

Kisha ikaja M*A*S*H, na hapa ndipo ubishi wa leo ulipozaliwa.

Ilianza kurushwa na CBS mwaka 1972, ikihusu madaktari wa jeshi la Marekani katika vita vya Korea. Ilikuwa ya nusu saa, ina mizaha, ina kicheko cha kurekodiwa, hivyo ilihesabiwa komedi na mwaka 1974 ikatwaa tuzo ya komedi bora. Mtunzi wake, Larry Gelbart, hakukipenda kicheko hicho cha mashine. CBS ilikishikilia, lakini watayarishaji walifanikiwa kukizuia kisiingie chumba cha upasuaji: daktari akishika kisu, hakuna anayecheka. Waingereza walikwenda mbali zaidi, kwani BBC ilipoirusha iliondoa kicheko chote, na watazamaji wa huko wakajikuta na kazi nyingine kabisa, nzito na ya huzuni, ingawa maneno ya waigizaji yalikuwa yale yale.

Mnamo Machi 1975 M*A*S*H ilifanya jambo ambalo komedi za Marekani hazikuwa zimelizoea. Kamanda Henry Blake, mtu mpole aliyependwa na watazamaji, alimaliza muda wake vitani akaagwa kwa furaha arudi kwa familia yake. Mwishoni karani wa kambi anaingia chumba cha upasuaji na kusoma taarifa: ndege ya Blake imetunguliwa, hakuna aliyenusurika. Waigizaji wengi walifichwa ukurasa huo hadi karibu na kurekodi, kwa hiyo mshtuko ulio kwenye nyuso zao una ukweli ndani yake. Barua za hasira zikamiminika. Watu waliona wamesalitiwa na kipindi cha kuchekesha. Mimi nakihesabu kifo kile kuwa miongoni mwa dakika bora kuwahi kuandikwa kwa ajili ya televisheni, na ubora wake umetokana na kucheka kwetu misimu mitatu kabla yake. Tamthilia ingetuandaa kwa msiba, ila M*A*S*H ilikuwa imetuzoesha kicheko. Sehemu yake ya mwisho, tarehe 28 Februari 1983, ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100 nchini Marekani.

Miaka hiyo hiyo Ed Asner alionyesha jinsi mstari huo ulivyo mwepesi kuvukwa. Alimwigiza Lou Grant, bosi mkali wa chumba cha habari, katika komedi ya The Mary Tyler Moore Show, akashinda Emmy. Komedi hiyo ilipokwisha mwaka 1977, mhusika huyo alihamishiwa kwenye tamthilia ya saa nzima iliyobeba jina lake, sasa akiwa mhariri wa gazeti, na Asner akashinda tena, safari hii upande wa tamthilia. Ilipita miongo kadhaa kabla ya mwigizaji mwingine kulirudia hilo.

Katikati hapo kulikuwa na Moonlighting ya miaka ya 1980, ambayo chama cha waongozaji kiliiteua kuwa tamthilia na pia komedi katika mwaka mmoja. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1999. Usiku mmoja, mwandishi mmoja, David E. Kelley, aliondoka na tuzo zote mbili kubwa: tamthilia bora kwa The Practice na komedi bora kwa Ally McBeal. Zote mbili zilihusu ofisi za mawakili wa Boston. Zote mbili zilikuwa za saa nzima, na Ally McBeal ndiyo ya kwanza ya urefu huo kushinda fungu la komedi. Kilichozitofautisha ni roho ya uandishi: moja ilikwenda mahakamani kutafuta haki, nyingine ilikwenda huko huko kutafuta upweke na vituko vya mwanamke aliyepotea katika mapenzi. Wapiga kura waliiona tofauti hiyo bila kuhitaji kipimo cha dakika.

Nakumbusha hilo kwa sababu mwaka 2015 Akademi iliamua kinyume chake. Orange Is the New Black, hadithi ya gereza la wanawake iliyorushwa na Netflix, ilikuwa imewania mwaka 2014 ikiwa komedi, na malalamiko yalikuwa mengi. Kanuni mpya ikatungwa: kipindi cha nusu saa ni komedi, kinachozidi hapo ni tamthilia, na asiyeridhika aende kwa jopo la watu tisa. Shameless na Jane the Virgin, zote za saa nzima, ziliomba kubaki komedi zikakubaliwa. Orange Is the New Black iliomba ikakataliwa. Ndipo Uzo Aduba, Mmarekani ambaye wazazi wake wametoka Nigeria, akaandika jina lake kando ya Asner: 2014 alishinda katika komedi na 2015 katika tamthilia, kwa mhusika yule yule, mfungwa mwenye akili iliyovurugika na moyo wa mtoto. Aduba hakubadili chochote katika uigizaji wake. Aliyekuwa anachekesha na kuliza kwa wakati mmoja aliendelea kufanya hivyo, na karatasi ndiyo iliyomhamisha.

Kanuni ya dakika ilikufa Desemba 2021, na tangu hapo watayarishaji ndio wanaochagua fungu, huku Akademi ikijiachia haki ya kukagua. The Bear ilianza mwaka 2022. Ilichagua komedi kwa ruhusa kamili.

Kwa nini basi tujali? Kwa sababu tuzo hizi zina kazi. Cheers, komedi ya baa moja ya Boston, ilimaliza msimu wake wa kwanza ikiwa karibu na mkia kwa idadi ya watazamaji. Septemba 1983 ilitwaa Emmy ya komedi bora, watu wakaanza kuifuata, ikadumu misimu 11. Kipindi kidogo cha vichekesho kinaweza kuinuliwa hivyo mara moja tu, na kila kiti kinachokaliwa na kazi ya majonzi ni kiti alichokosa mchekeshaji. Kuchekesha ni kazi ngumu. Sentensi ikizidi neno moja kicheko kinakufa, mwigizaji akichelewa nusu sekunde kinakufa, na huwezi kujificha nyuma ya muziki wa huzuni. Quinta Brunson wa Abbott Elementary ameubeba mzigo huo akiandika na kuigiza, katika shule ya msingi ya Philadelphia isiyo na fedha, na kila wiki anachekesha kweli kweli.

Sidai kwamba majonzi yafukuzwe. Fleabag ya Phoebe Waller-Bridge, komedi bora ya mwaka 2019, imejaa msiba kuanzia mizizi yake, lakini kila sehemu yake ina kicheko kilichofanyiwa kazi. Kwa upande wa pili, Succession ilishinda tamthilia bora mara tatu ikiandikwa na Jesse Armstrong, Mwingereza aliyekulia kwenye vichekesho, na ina matusi ya kuchekesha kuliko komedi nyingi. Hiyo haikumwibia mtu. Tamthilia inayochekesha imetoa zaidi ya ilivyoahidi, ilhali komedi isiyochekesha inabaki na deni.

Wapiga kura wenyewe, ambao ni zaidi ya 20,000, walilitambua deni hilo mwaka 2024. Waliwapa waigizaji wa The Bear walichostahili, akiwemo Liza Colón-Zayas aliyemshinda hata Meryl Streep, lakini ilipofika tuzo ya komedi bora waliipa Hacks, hadithi ya mchekeshaji mkongwe wa Las Vegas anayeigizwa na Jean Smart. Niliona huo ni uamuzi wa haki. Mwaka uliofuata The Studio, kichekesho kuhusu bosi wa kampuni ya filamu, ilibeba tuzo 13 na kuifuta rekodi ya The Bear, na sikusikia mtu akiuliza kama ni komedi.

Jopo la watu tisa lirudishwe, ila lisipewe saa. Lipewe sehemu tatu za kipindi, lizitazame zote, kisha lijibu swali moja mbele ya watu na kwa sababu zilizoandikwa: je, mwandishi alikusudia tucheke? Jopo la 2015 halikuwajibika kueleza lolote hadharani, na hicho ndicho ningeanza kukibadili.