Jubilei ya Doctor Who ya Mwaka 1983: Sherehe Juu ya Hifadhi Iliyofutwa

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Novemba 1983, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha filamu ya televisheni ya dakika 90 iliyoitwa The Five Doctors, yaani Madaktari Watano. Ilitungwa kuadhimisha miaka 20 ya mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi uitwao Doctor Who, ambao ulianza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Siku yenyewe ya kumbukumbu iliangukia Jumatano, lakini Waingereza walingojeshwa siku mbili ili filamu hiyo iingizwe katika usiku wa kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto wenye shida. Baadhi ya vituo vya Marekani, kikiwemo cha Chicago, havikungoja. Kwa hiyo jubilei ya kazi ya Kiingereza ilitazamwa ugenini kabla ya kutazamwa nyumbani. Jambo hilo ni dogo, lakini msomaji alikumbuke, kwa maana nchi za ugenini zitarudi tena katika maelezo yetu.

Swali tunalotaka kulijadili hapa ni hili: taasisi inasherehekea nini hasa inapoadhimisha kazi ambayo yenyewe imeiteketeza kwa mkono wake? Kwa maana mwaka 1983, wakati keki za jubilei zilipokuwa zikikatwa, sehemu zaidi ya mia moja za miaka sita ya kwanza ya mfululizo huo hazikuwemo tena katika hifadhi ya BBC.

Kwa faida ya wasioujua, mhusika mkuu huitwa Daktari tu, bila jina jingine. Ni mzee asiye wa dunia hii, anayesafiri katika wakati na anga ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi wa Uingereza. Mwigizaji wa kwanza alikuwa William Hartnell. Mwaka 1966 afya yake ilikuwa imezorota, naye hakuweza tena kukariri maneno yake vizuri. Waandalizi hawakuufunga mfululizo, wala hawakumtafuta mtu wa kumwigiza Hartnell. Walibuni kwamba viumbe wa ukoo wa Daktari, mwili unapochakaa, hujivua sura kama nyoka anavyojivua gamba, wakabaki wale wale kwa nafsi na kumbukumbu. Hartnell alianguka sakafuni, akainuka Patrick Troughton. Tangu hapo jina likawa moja na wenye jina wakawa wengi. Kwa sisi tunaofundisha isimu, huo ni mfano mzuri wa jina linalodumu ilhali kinachotajwa kinabadilika. Lakini tuuache hapo, kwani shabaha yetu ni historia.

Sehemu ya mwisho ya hadithi ile ya 1966, ambamo badiliko la kwanza lilitokea, haipo. Ilipotea. Tukio lenyewe la Hartnell kugeuka Troughton tunaweza kulitazama leo kwa sababu tu kipindi kingine cha BBC, Blue Peter cha watoto, kilikuwa kimekionyesha kipande hicho, na kipindi hicho kikahifadhiwa. Nguzo ambayo jengo lote limeegemea imebaki kama nukuu ndani ya kazi ya mtu mwingine.

Ilitokeaje? Wengine hudhani palikuwa na moto au uzembe wa mtu mmoja. Hapakuwa na moto wala mtu mmoja. Miaka ya sitini vipindi vilirekodiwa juu ya kanda za video ambazo zilikuwa za bei kubwa na zenye uwezo wa kutumika tena. Mapatano na chama cha waigizaji yaliweka mpaka wa kukirudia kipindi hewani, hivyo kanda iliyokaa rafuni baada ya muda huo ilionekana kuwa mali iliyolala bure. Kisha ikaja rangi. Mwaka 1970 Doctor Who yenyewe ilianza kuonyeshwa kwa rangi, na picha nyeusi na nyeupe zikahesabiwa kuwa vitu vya zamani visivyo na mnunuzi. Kanda zikafutwa ili zirekodiwe mambo mengine. Idara iliyouza vipindi nchi za nje ilikuwa na nakala zake juu ya filamu za milimita 16. Nayo, haki za kuuza zilipokwisha muda, ikaziharibu. Kila idara ilikuwa na sababu ya kuamini kwamba nyingine ndiyo yenye wajibu wa kutunza. Kazi hiyo iliendelea tangu mwaka 1967 hadi 1978, tena kwa utaratibu, na kwa makaratasi yaliyotiwa saini. Ninaona hilo ndilo linalotisha zaidi. Hifadhi nyingi duniani haziangamizwi na maadui wake, bali na makarani wanaotimiza kazi yao ya siku.

Jubilei ya 1983 haikuwa ya kwanza. Mwaka wa kumi ulifunguliwa kwa hadithi ya The Three Doctors, iliyoonyeshwa tangu tarehe 30 Desemba 1972 hadi 20 Januari 1973, ikiwaunganisha Hartnell, Troughton na Jon Pertwee aliyekuwa Daktari wa wakati huo. Hartnell alikuwa mgonjwa sana. Hakuweza kusimama pamoja na wenzake. Alirekodiwa peke yake ameketi, akisoma maneno yake kwenye vibao, kisha akaonyeshwa katika kioo cha mawasiliano kana kwamba ananena kutoka mahali pa mbali. Alifariki mwaka 1975, na hiyo ikawa kazi yake ya mwisho kama mwigizaji. Tunaweza kusema kwamba katika jubilei ya kwanza mwenyewe alikuwepo, ingawa kwa shida. Katika ya pili, palihitajika mbinu nyingine.

Mtayarishaji John Nathan-Turner alimwagiza kwanza mtunzi Robert Holmes aandike. Katika wazo la Holmes, Daktari wa kwanza angegunduliwa kuwa mtu bandia aliyeundwa na maadui, na hivyo sura ngeni ya mwigizaji mpya ingekuwa na maelezo ndani ya hadithi. Wazo hilo halikufika mwisho. Kazi ilipewa Terrance Dicks, naye akachagua njia iliyo rahisi na, kwa maoni yangu, yenye ujasiri zaidi: mwigizaji Richard Hurndall angechukua nafasi ya marehemu, na hapangetolewa maelezo yoyote. Lakini kabla ya filamu kuanza, hata kabla ya jina lake, mtazamaji anaonyeshwa Hartnell mwenyewe, katika kipande cha picha nyeusi na nyeupe kutoka hadithi ya 1964. Anaagana na mjukuu wake Susan, akimwahidi kwamba siku moja atarudi. Ndipo jina linapotokea na rangi zinapoanza.

Kipande hicho hakizidi dakika moja, nami nakithamini kuliko dakika zote zinazokifuata. Kinamwambia mtazamaji waziwazi: huyu ndiye aliyekuwa, na yule utakayemwona ni mwingine. Baadaye mwigizaji wa Susan, Carole Ann Ford, anatokea, na babu anamrudia kama alivyoahidi, lakini kwa uso wa Hurndall. Wanakutana katika ujia wa vioo, wanafurahi kidogo, kisha hadithi inawasukuma mbele. Miaka 19 ya kungoja inamalizwa kwa maneno machache. Wengi wamemlaumu Dicks kwa haraka hiyo, na lawama si ya bure, ingawa yeye alikuwa na Madaktari watano, masahaba wao, Cybermen, Dalek na Yeti wa kuwapitisha katika dakika 90.

Daktari wa nne, Tom Baker, alikuwa ameondoka mwaka 1981 baada ya miaka saba, naye akakataa kurudi upesi hivyo. Hapo waandalizi wakaokota katika mabaki. Mwaka 1979 hadithi iitwayo Shada, iliyotungwa na Douglas Adams, ilikatizwa na mgomo wa wafanyakazi wa BBC na haikuonyeshwa kamwe wakati huo. Vipande vyake vilivyorekodiwa mjini Cambridge, Baker akiwa ndani ya mashua mtoni, vilichukuliwa na kupachikwa katika filamu mpya, na hadithi ikaeleza kwamba Daktari huyo amenaswa katika mkondo wa wakati. Katika picha za kutangaza jubilei, nafasi yake ilijazwa na sanamu ya nta iliyotoka katika jumba la Madame Tussauds. Basi hesabu ya hao watano ni hii: hai watatu, mbadala mmoja wa marehemu, na mmoja aliyekopwa kutoka kazi isiyomalizika.

Jan Vansina, ambaye utafiti wake kwa Wakuba ulimwongoza kuandika juu ya mapokeo ya mdomo, alitufundisha kuuliza kila ushuhuda umepitia mikono ya nani. Tukiiuliza The Five Doctors swali hilo, jibu zuri linatoka mahali pasipotazamiwa, katika pango. Daktari wa pili, Troughton, yupo pamoja na rafiki yake Brigedia Lethbridge-Stewart, aliyeigizwa na Nicholas Courtney. Gizani wanashambuliwa na Yeti, dude la manyoya. Kwa mtazamaji wa umri mkubwa hilo lilikuwa dokezo la The Web of Fear, hadithi ya 1968 ambamo wawili hao walikutana kwa mara ya kwanza, na Yeti wakijaza njia za reli za chini ya ardhi ya London. Lakini mwaka 1983 hadithi hiyo ya sehemu sita haikubaki nayo katika hifadhi ila sehemu ya kwanza. Filamu ilikuwa ikikumbushia kitabu kilichobakiwa na sura moja. Waliokuwa wameitazama walitikisa vichwa kwa furaha. Wadogo wao waliambiwa na wakubwa, na wakasadiki.

Hapa haifai kusahau sauti. Watazamaji kadhaa wa miaka ya sitini, wengine wakiwa vijana wa shule, walikuwa na desturi ya kuweka kipaza sauti mbele ya televisheni ya nyumbani na kurekodi kwenye kanda. Kwa ajili yao sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo hadi leo, na hakuna hata moja iliyokosekana. Shirika lenye studio na wahandisi lilipoteza picha. Watoto wenye mashine ndogo za kurekodi walitunza maneno. Kwa mwanaisimu hiyo ni faraja kidogo, ingawa mkurugenzi wa kamera hangekubali.

Yaliyofuata yanajulikana. Mfululizo ulisimamishwa mwaka 1989, ukarudi kwa filamu moja mwaka 1996, kisha ukaanza upya mwaka 2005. Jubilei ya miaka 50, The Day of the Doctor, ilionyeshwa tarehe 23 Novemba 2013 katika nchi 94 kwa wakati mmoja, na safari hii Tom Baker, aliyekataa miaka 30 kabla, alikubali kutokea mwishoni akiwa mzee mtunzaji wa jumba la sanaa. Mtu aliyewakilishwa na sanamu ya nta alirudi akiwa mlinzi wa makumbusho. Sijui kama mtunzi Steven Moffat aliikumbuka ile sanamu, lakini kejeli hiyo imekaa mahali pake.

Wiki sita kabla ya sherehe hiyo, mwezi Oktoba 2013, BBC ilitangaza kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea zimepatikana Afrika. Philip Morris, mtafuta filamu, alizikuta katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Zilikuwa nakala za milimita 16, zile zile zilizouzwa nchi za nje zamani, zikapita kituo hadi kituo, na zikakaa rafuni bila karani yeyote kutia saini ya kuziangamiza. Miongoni mwake zilikuwemo sehemu nne za The Web of Fear. Pango la 1983 likapata tena maana yake, na waliozaliwa baadaye wakaweza kuwaona Yeti katika njia za London badala ya kusimuliwa tu.

Baada ya tangazo hilo zilibaki sehemu 97 zisizojulikana zilipo, kati ya 253 za miaka sita ya kwanza. Mojawapo ni sehemu ya tatu ya The Web of Fear yenyewe, ile anamotokea Lethbridge-Stewart kwa mara ya kwanza na kukutana na Daktari. Sauti yake tunayo.