Mistari 300 iliyobadili upimaji wa programu

Anayeandika programu huipima kwa mifano aliyoitunga mwenyewe. Kama ni ya kukokotoa makato ya mshahara, ataingiza mshahara mdogo, ataingiza mkubwa, pengine na sifuri, kisha aikabidhi kazi. Lakini aliyesahau jambo alipokuwa akiandika programu atalikumbukaje anapoipima?

Mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Chalmers, mjini Gothenburg, Uswidi, walileta jibu lao kwenye mkutano wa wanataaluma mjini Montreal, Kanada. Waliliita QuickCheck. Ilikuwa lugha ndogo iliyojengwa ndani ya Haskell, lugha ambayo Hughes mwenyewe alishiriki kuiasisi, na kazi yake ni moja: kueleza kanuni ambazo programu haitakiwi kuzivunja. Majaribio yenyewe hutungwa na kompyuta. Zana nzima haikuzidi sana mistari 300.

Chukua programu inayogeuza orodha, cha mwisho kiwe cha kwanza. Kanuni yake: ukiigeuza mara mbili, unarudi ulikoanzia. Huo ni mstari mmoja tu wa QuickCheck. Kompyuta inabuni orodha 100 za kubahatisha, tupu, fupi, ndefu, zenye namba hasi, na kuzipitisha zote. Ukikosea ukaandika kwamba orodha hubaki vilevile hata ikigeuzwa mara moja tu, utaumbuliwa papo hapo. Matoleo ya baadaye yaliongeza ufundi ambao, kwa maoni yangu, ndio uliowavuta watu wa viwandani: mfano mrefu ulioleta hitilafu hupunguzwa kidogo kidogo mpaka ubaki ule mfupi kabisa ambao bado unaileta. Katika kosa letu hili, zinabaki namba mbili tu, 0 na 1.

Mwaka 2006 Hughes na Thomas Arts walianzisha kampuni ya Quviq, wakiuza toleo la lugha ya Erlang, inayotumika sana katika mitambo ya simu. Klarna, kampuni ya malipo ya hukohuko Uswidi, ilikuwa inasumbuliwa na hitilafu katika hifadhidata yake iliyojitokeza kila baada ya wiki kadhaa. Wahandisi walidhani chanzo ni ukubwa wa mafaili, maana yalikuwa yamepita gigabaiti moja. QuickCheck ilionyesha vingine kabisa. Fungua faili, lifunge, lifungue tena, kisha maombi machache yaingie kwa wakati mmoja: kosa hilo hapo, katika hifadhidata isiyo na zaidi ya rekodi moja! Ukubwa ulikuwa unasingiziwa bure.

Kazi iliyoipa zana hii heshima, hata hivyo, ni ya Volvo. Gari la kisasa limejaa kompyuta ndogondogo, na programu zake hutoka kwa wauzaji mbalimbali wanaofuata viwango vya AUTOSAR. Quviq ilisoma kurasa 3,000 hivi za viwango hivyo na kuzigeuza kuwa mistari 20,000 ya kanuni, kisha ikapima mistari milioni moja ya programu kutoka kwa wauzaji sita. Zilipatikana hitilafu zaidi ya 200. Mojawapo ilihusu foleni ya ujumbe ndani ya gari: aina moja ya ujumbe ilikuwa ikitangulizwa daima, hata pale ambapo ule wa aina nyingine ndio uliostahili kupita kwanza. Katika mtandao unaoweza kubeba habari za breki pamoja na za redio, huo si mchezo.

Kati ya hizo 200, zaidi ya 100 hazikuwa za wauzaji hata kidogo. Zilikuwa kwenye viwango vyenyewe, katika sentensi ambazo wahandisi wawili wangeweza kuzisoma na kila mmoja akaelewa lake. Majaribio ya mikono yasingezifichua kirahisi, kwa sababu kila mtu angepima kile alichokielewa yeye.

Wazo hilo limesambaa katika lugha nyingi za programu. Wewe unayeandika kwa Python, ipo Hypothesis, na ni ya bure. Anza na kanuni moja tu ya programu unayoiamini kuliko zote.