Safu ya Lugha: Mhuni Aliyetulia

Tangu tamthilia ya Bridgerton ianze kuonyeshwa Desemba 2020, vijana wetu wanawaita mabwana wale wa London "wahuni". Hawajakosea sana, ila wamelipunja neno. Leo mhuni ni mkorofi au mvunja sheria. Zamani, kama inavyoeleza kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya 1939, mhuni alikuwa mzururaji, mtu asiye na makao. Baharia wa kisiwa cha Ngumi aliyezuiwa na upepo wa kusi akalala Kismayu mwezi mzima si mhuni: ana kwao, na kwao wanamngoja. Mhuni ni yule asiyengojwa na mtu.

Basi tutofautishe. Mkware ana uchu wa wanawake. Hiyo ni tabia. Mzinzi ametenda zinaa. Hilo ni kosa. Mhuni hana pa kurudi. Hiyo ni hali, na hali hubadilika. Ndiyo siri ya riwaya za mapenzi zenye mabwana kama wale wa Bridgerton. Katika Venetia ya Georgette Heyer (1958), Damerel, mtu wa kashfa tele, anampenda Venetia kisha anajitenga naye asimharibie jina. Hapo msomaji humsamehe, maana mkware hamwachi mwanamke kwa ajili ya heshima yake.

Kwa hiyo, kwa mtu kama Damerel, msiseme "mhuni aliyerekebishwa". Kinachorekebishwa ni injini ya boti. Mtu hutubu kwa Mungu, huongoka mbele za watu, na akishapata kwake, hutulia. Semeni: mhuni aliyetulia.