Miaka 30 ya Hekalu la Neasden

Tarehe 20 Agosti 1995, Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya Wahindu ya BAPS, alizindua hekalu la mawe huko Neasden, kaskazini magharibi mwa London. Mwaka 2025 hekalu hilo lilitimiza miaka 30. Historia yake inatugusa sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa waumini wake wengi walitokea kwetu.

Jumuiya ilianza na watu wachache waliokutana majumbani kusali. Mwaka 1970 Yogiji Maharaj, aliyekuwa kiongozi wakati huo, alifungua hekalu lao la kwanza Islington, ndani ya kanisa lililokuwa limeachwa. Miaka hiyo Waasia wengi walikuwa wakihama Kenya na Tanzania, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda kwa kuwapa siku 90. Familia zilizoacha maduka na nyumba zao Kampala na Jinja zikaanza maisha upya Uingereza. Hekalu la Islington likawa dogo, na mwaka 1982 jumuiya ikahamia kwenye ghala huko Neasden.

Waumini wangeweza kuridhika na ukumbi wa saruji. Badala yake wakaamua kujenga hekalu jipya kwa kanuni za jadi. Msanifu C. B. Sompura, wa ukoo wa wajenzi wa mahekalu wa Gujarat, alifuata Shilpa Shastra, maandiko ya kale yanayoelekeza vipimo na mpangilio wa nyumba ya miungu. Jengo halikushikiliwa kwa chuma, kwani chuma hushika kutu, hutanuka na kupasua jiwe. Uzito wote hubebwa na nguzo, matao na kuta.

Tani 2,828 za mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na tani 2,000 za marumaru ya Carrara, Italia, zilisafirishwa hadi India, ambako mafundi zaidi ya 1,500 walizichonga kwa mkono. Vipande zaidi ya 26,000 vilitiwa namba, vikapelekwa London na kupangwa kimoja baada ya kingine. Waumini walijitolea fedha na nguvu zao. Watoto waliokota makopo ya alumini na kuyauza ili kuchangia.

Hekalu lina minara saba na nguzo 193. Chini ya minara ndimo zilimo sanamu takatifu. Katikati yupo Swaminarayan, anayeabudiwa na jumuiya hii, pamoja na mfuasi wake mkuu, Gunatitanand Swami. Wapo pia Radha na Krishna, Sita na Rama, Shiva na Parvati, Hanuman, na Ganesh mwenye kichwa cha tembo. Sanamu zikishawekwa wakfu, waumini huamini kwamba mungu anakaa humo. Ndiyo maana huamshwa alfajiri, huvishwa, huandaliwa chakula, huimbiwa sala ya taa mara tano kwa siku, na usiku hulazwa.

Watu waliong'olewa makwao walijenga upya bila kupunguza hata kipimo kimoja cha mababu zao, na hilo ni jambo la kuheshimiwa na kila mwenye dini. Milango ya Neasden iko wazi kwa wageni wa imani zote. Msomaji ukifika London, vua viatu, ingia, uione kazi ya mikono yao.