Ghala Lililohama

Alhamisi moja mwishoni mwa Aprili 2023 nilikaa mbele ya kompyuta nikitazama namba moja iliyokuwa ikijirudia kwenye kioo: 404. Kwa msomaji asiyezoea mambo haya, hilo ndilo jibu ambalo seva humpa mtu aliyebisha hodi kutafuta kitu kisichokuwapo. Nilikuwa nimebisha hodi kwenye ghala la Debian, kama nilivyokwisha kufanya mara nyingi mno kwa miaka kadhaa, nami nikajibiwa kwamba nilichokifuata hakipo.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa na haraka. Nilikuwa nikitunza programu ya stoo ya dawa katika hospitali moja ya bara. Asubuhi ile mfamasia alinipigia simu akasema kwamba ripoti inaonyesha maji ya dripu mara mbili ya chupa zilizomo stoo. Oda ya dawa ilitakiwa kuondoka kesho yake, na kwa hesabu ile ya uongo maji ya dripu yasingeagizwa kabisa. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja vibaya, na kuusahihisha kulinichukua dakika 10. Nikamwambia, "Dada, saa sita mchana utakuwa na ripoti mpya." Nilisema hivyo kwa sababu kazi iliyobaki haikuwa yangu tena, ilikuwa ya mtambo.

Mtambo huo ni programu iliyokaa kwenye seva ya kukodi, nayo huamka kila ninapopeleka mabadiliko. Huanza na mfumo mtupu wa Linux, safi kama nyumba isiyo na samani, halafu huenda kwenye ghala la vifurushi kuchukua kila kinachohitajika: maktaba za hifadhidata, vifaa vya kutafsiri msimbo, na kadhalika. Kisha huijenga programu, huijaribu, na ikifaulu huipeleka hospitalini. Mfumo mtupu niliouchagua ulikuwa Debian 9, iitwayo Stretch. Niliuandika jina mara moja, mwaka 2018, nikausahau. Uzuri wa mtambo ni kwamba hukufanyia kazi bila kukuuliza. Ubaya wake ni huohuo.

Inafaa tujue ghala hili lilitoka wapi. Tarehe 16 Agosti 1993 kijana mmoja wa Marekani, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, alitangaza kwamba anaunda mkusanyiko mpya wa Linux. Ile iliyokuwapo ilimkera kwa makosa yake na kwa kukosa mtu wa kuitunza ipasavyo. Jina alilipata kwa kuunganisha la mchumba wake, Debra, na lake, Ian. Alichotaka ni kila programu ifungwe katika kifurushi chake, kila kifurushi kiwe na mtu anayewajibika nacho, na kieleze wazi kinategemea vifurushi gani vingine. Hapo mwanzo mtu alivitafuta vifurushi hivyo mwenyewe na kuviweka kwa programu iitwayo dpkg, na kama kimoja kilihitaji kingine ambacho huna, ilikuwa shauri yako. Machi 1999, pamoja na Debian 2.1, ikaja APT, ambayo huenda ghalani yenyewe, husoma orodha, na kuleta kifurushi pamoja na ndugu zake wote. Aliyepata kufanya kazi hiyo kwa mkono anajua ukubwa wa msaada huo.

Majina ya matoleo yana hadithi yake. Bruce Perens, aliyeongoza mradi baada ya Murdock, alikuwa akifanya kazi Pixar, kampuni iliyotengeneza filamu ya katuni ya Toy Story, na tangu hapo kila toleo hupewa jina la mhusika wa filamu hizo. Stretch ni pweza wa rangi ya zambarau. Toleo lisilotulia, ambalo vitu huvunjika kila siku, limepewa jina la Sid, yule mtoto wa jirani anayevunjavunja vinyago. Sijapata kuona jina lililochaguliwa vizuri zaidi ya hilo.

Basi, kwa nini nilijibiwa hakipo? Ghala la Debian si jengo moja. Nakala zake zimetapakaa duniani, nyingi kwenye diski za vyuo vikuu na watu wanaojitolea, na diski hizo zina ukomo. Kwa hiyo toleo lililozeeka huondolewa kwenye ghala la kila siku na kuhamishiwa ghala la kumbukumbu, lenye anwani yake. Stretch ilitoka tarehe 17 Juni 2017. Matunzo yake ya muda mrefu yalikoma tarehe 30 Juni 2022, na habari hiyo ilitangazwa hadharani. Ilipohamishwa Aprili 2023 ilikuwa imekwisha kuachwa bila matunzo kwa muda wa miezi tisa na zaidi. Hakuna aliyenionea. Mwaka 2019 Jessie, toleo lililoitangulia Stretch, ilipoanza kuhamishwa, mitambo mingi duniani ilisimama vivyo hivyo, nami nilisoma habari hizo kama mtu asomaye habari za mafuriko ya mbali.

Saa sita ikapita. Mfamasia akapiga tena. "Kaka, vipi?" Nikamwomba radhi. Akasema ameshachukua daftari na anahesabu chupa mwenyewe, rafu kwa rafu, yeye na msaidizi mmoja, na wagonjwa wapo dirishani.

Nikabadilisha anwani nikaielekeza kwenye ghala la kumbukumbu. Ile 404 ikaondoka, likaja kosa jingine: orodha ya marekebisho ya usalama imepita tarehe yake. Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nilitafuta haraka haraka wengine wamefanyaje, nikanakili maneno mawili bila kuyapima. La kwanza liliiambia APT isijali tarehe. La pili liliiambia iamini kila inachopewa, yaani isikague sahihi. Mtambo ukaenda, programu ikajengwa, na saa tisa na nusu ripoti sahihi ikafika hospitalini. Mfamasia akashukuru. Mimi nikaenda kula.

Usiku ndipo nilipoyafikiria yale maneno mawili. Tarehe ile haikuwekwa kwa ajili ya kusumbua watu. Mtu mbaya aliyekaa njiani kati yako na ghala anaweza kukuletea orodha ya zamani, halali kabisa, ili usijue kwamba tundu fulani limekwisha kuzibwa. Orodha ikiwa na tarehe ya mwisho, hila hiyo haidumu. Ghala la kumbukumbu, kwa asili yake, limejaa orodha zilizopita tarehe, kwa hiyo kuizima pale kulikuwa na sababu. Lakini sahihi ni jambo jingine. Novemba 2003 wavamizi waliingia katika seva kadhaa za Debian. Uchunguzi ulionyesha kuwa ghala lenyewe halikuguswa, lakini watu walipata kujua jinsi hatari ilivyo karibu. Kuanzia Debian 4.0, Aprili 2007, APT ikawa inakagua sahihi ya orodha, na ndani ya orodha mna alama ya kila kifurushi, hata mtu akibadilisha herufi moja atajulikana. Funguo za Stretch zilikuwa bado hai siku ile. Ukaguzi ungepita bila tatizo lolote. Yaani niling'oa kufuli ya mlango uliokuwa wazi kwangu, na programu iliyopita mlangoni hapo ndiyo inayosema hospitali ina dawa kiasi gani.

Nikaamka, nikalifuta lile neno la pili, nikaujenga upya mfumo mzima, nikalinganisha vifurushi vilivyoingia mchana na vya usiku kimoja kimoja. Vilikuwa sawa. Ilikuwa saa nane na robo usiku.

Wiki iliyofuata nilihamia Debian 11, kazi iliyonichukua siku nne kwa sababu maktaba moja ilikuwa imebadili tabia. Nikasahihisha na kosa jingine la muda mrefu. Nilikuwa nimetenganisha hatua ya kusoma orodha na hatua ya kuchukua vifurushi. Mtambo, kwa kubana muda, huhifadhi matokeo ya hatua ambayo haijabadilika, hivyo uliweza kuchukua vifurushi kwa orodha ya wiki tatu nyuma, huku ghalani toleo hilo la kifurushi limekwisha kupisha jipya. Huko nako jibu ni 404, lakini dawa yake si kuhama anwani bali kuziandika hatua mbili hizo katika amri moja. Nimeona vijana wakihangaika siku nzima kwa kutibu kosa moja kwa dawa ya jingine.

Nilipokwenda hospitalini mwezi Mei nilimweleza mfamasia yote, hata lile neno la pili. Alisikiliza akiwa anapanga maboksi, yale yanayokaribia kuisha muda akiyaweka mbele. Akaniuliza, "Sasa huo mfumo wenu, tarehe yake ya mwisho imeandikwa wapi?" Nikamwambia imeandikwa, ila mimi sikuwa nimeibandika popote. Akanitazama kidogo, akaendelea kupanga.

Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni mwaka huohuo, nami nikahamia mapema kuliko nilivyozoea. Juu ya meza yangu pana karatasi, nayo imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Juni 2028.